Hereni zinavunjika, ukuta unababuka: jibu langu kwa dada wa Morogoro

Juzi usiku watoto wamelala, nasafisha nyembe zangu za kazi, ukaingia ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro. Aliandika hivi: "Habari dada. Hereni zangu za udongo wa polima zinavunjika kama biskuti, wateja wawili wamerudisha. Ukuta wa sebuleni nilioupaka rangi kabla ya masika umeanza kubabuka. Mume wangu anasema niachane na hivi vitu. Nadhani kweli sina mkono navyo."

Niliusoma mara tatu, machozi yakinilenga. Miaka minne iliyopita nilikaa sakafuni jikoni kwangu, Tabata, mbele yangu trei yenye jozi 24 za hereni zilizoungua, na maneno niliyojiambia ni hayohayo: sina mkono. Kwa hiyo dada yangu, siwezi kukujibu kwa mistari miwili.

Zile jozi 24 zilikuwa oda ya kichen pati. Bibi harusi alitaka wanakamati wake wote wavae hereni za rangi za kisutu, ile kanga ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mimi bibi yangu wa Pangani alinifunika kisutu siku ya ndoa yangu, kwa hiyo kazi ile niliibeba moyoni kuliko hata hela yake. Nilichora korosho, ile ya kwenye kanga, kisha nikaijenga ndani ya gogo la udongo. Kila rangi unailaza mahali pake kwa urefu, gogo unalibana na kulivuta taratibu mpaka linakuwa jembamba kama kidole, halafu ukikata kwa wembe kila kipande kinatoka na korosho ileile, ndogo, kamili. Nilikata vipande 48. Cha kwanza nilikipeleka dirishani kwenye mwanga. Ncha ya korosho ilikuwa nyembamba kama unywele na haikuwa imekatika popote. Sikumbuki kama niliwahi kufurahia kitu cha mikono yangu namna ile.

Nikazungusha kitufe cha oveni kwenye 110, nikaingia bafuni kuoga.

Wanaoanza waelewe kwamba udongo huu si wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, na joto ndilo linalozifanya chembe zake zishikane ziwe kitu kimoja. Mimi nilikuwa na udongo wa chapa ya Fimo. (Jina hilo limetokana na Fifi, jina la utani la binti wa Käthe Kruse, yule mtengeneza wanasesere wa Ujerumani. Binti ndiye aliyeubuni, akauuza kwa kampuni ya Eberhard Faber mwaka 1964. Huwa napenda kukumbuka kwamba ulianza na mwanamke.) Fimo inataka nyuzi 110 za selsiasi kwa nusu saa. Sculpey, chapa nyingine ya udongo huu, inataka kama 130. Joto likipungua, kitu kinatoka kigumu kwa nje lakini ndani hakijashikana, ukikikunja kinakatika. Likizidi, rangi zinabadilika, na ukiuacha uungue unatoa moshi wenye asidi unaochoma macho na koo.

Moshi huo niliusikia nikiwa bado na sabuni mwilini. Nilipofungua oveni, nyeupe yote ilikuwa imekuwa rangi ya maandazi. Nikawatoa watoto nje, nikafungua madirisha, nikakaa chini.

Nilipompigia simu bibi harusi kumweleza, simu ilichukuliwa na shangazi yake. Nilisikia akiwaambia wenzake, bila kujali kwamba nasikia: "Si mnampa kazi mtu anayechezea udongo wa watoto." Hela ya utangulizi niliirudisha yote siku ileile. Tangu hapo mimi na shangazi huyo tumekutana kwenye misiba miwili. Namwamkia, shikamoo yake anaipata, lakini neno lile bado liko hapa kifuani na sijui litatoka lini.

Mwezi mzima sikugusa udongo. Kilichonirudisha ni kipimajoto cha oveni, kile cha kuning'iniza ndani, alichoniletea mtoto wa mama mkubwa anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo. Nilikiweka bila matumaini. Kitufe kilikuwa kwenye 110, sindano ikapanda mpaka 150 na ushee, ikashuka, ikapanda tena. Ile ni oveni ndogo ya mezani, koili zake ziko karibu na trei, na kitufe chake hakikuwa kikisema kweli tangu siku niliyoinunua. Nilikuwa nimelia mwezi mzima nikidhani tatizo ni mkono wangu.

Nunua kipimajoto, dada. Kabla ya wembe mpya, kabla ya mashine ya tambi ya kutandazia udongo, kabla ya rangi za kung'aa. Kiweke palepale trei inapokaa. Washa oveni dakika 20 kabla. Kazi yako iweke juu ya kipande cha taili, kwa sababu taili linashika joto na halitikisiki, na juu yake ifunike kwa foili kama kibanda. Choma kwanza kipande cha mabaki. Kikipoa, kama ni chembamba, kikunje: kikirudi bila kukatika, endelea na zilizobaki. Mimi nafanya hivi kila mara, hata leo, hata nikiwa na haraka. Na trei hiyo usiitumie tena kwa chakula.

Sasa ukuta. Mwaka uleule wa hereni niliamua kubadilisha sebule. Nilitaka ukuta mmoja uwe mwekundu wa kisutu, ile nyekundu iliyoiva. Sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa na unga mweupe, kama chumvi, na rangi ya zamani ilishaanza kutoka. Fundi akaniambia tupige rangi ya mafuta, itafunika. Ilifunika. Picha nilizopiga wiki ile zilipendwa sana, na nilijisikia mtu. Masika ilipofika, ukuta ukaota malengelenge makubwa kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Ukilibonyeza moja, maji yanatoka.

Simlaumu sana fundi. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya rangi. Sisi tunaopenda vitu vizuri tuna ugonjwa huu: tunaona mwisho wa kazi kabla hatujaiuliza kazi yenyewe inataka nini. Ukuta ulikuwa unaniambia una maji ndani, mimi naujibu kwa rangi nyekundu. Tuache hiyo tabia, jamani. Tunapoteza hela, na baya zaidi tunapoteza imani na mikono yetu.

Mzee mmoja fundi mwashi ndiye aliyenionyesha namna ya kuupima. Unachukua nailoni ya wazi, kama nusu mita kila upande, unaibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha nafasi, unaiacha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa chumba, fungua madirisha. Yangu yalikuwa ndani, yamejaa. Tukazunguka nje tukakuta bustani yangu ya maua: udongo nilioujaza mwenyewe ulikuwa umeegemea ukuta juu kabisa ya msingi, na kila nikimwagilia maua namwagilia na sebule.

Tukauondoa udongo, tukabandua lipu iliyooza, tukauacha ukuta upumue. Lipu mpya nayo tuliisubiri wiki nne kabla ya praima na rangi ya maji. Hizo wiki sitazisimulia, ilikuwa ni vumbi na kusubiri tu.

Lakini katika kusubiri ndiko nilikopata kitu ambacho leo ndicho kinachoniingizia hela. Nyekundu niliyoitaka sikutaka kuikosea tena. Nikachanganya nyekundu sita tofauti za udongo, nikazichoma vipande vidogo kama stempu, nikavibandika kwenye ukuta mtupu. Asubuhi navitazama, mchana, usiku kwenye taa. Viwili nilivyovipenda mchana vilikuwa kama damu iliyoganda usiku. Kimoja tu kilibaki vilevile muda wote, nacho ndicho nilichokwenda nacho kwa muuza rangi. Mpaka leo sipaki chumba bila kufanya hivyo.

Vipande vile vilipobaki, nikalifikiria kabati la vyombo la mama, la mninga, lenye droo zilizokosa vishikio. Nikachonga vishikio 12 vya mbao, nikavikausha kwenye oveni kwanza, kwa sababu mbao yenye unyevu inatoa mapovu chini ya udongo, nikavipaka gundi nyeupe, ikakauka, nikavivika korosho za kisutu na kuvichoma. Kama una vya plastiki usijaribu, vitayeyuka. Vya chuma ni sawa. Wiki iliyopita jirani alikuja kuazima blenda, akaona kabati, akasahau blenda. Ameagiza vishikio 18 vya jiko lake na kalipa hela yote mkononi. Nilizihesabu noti zile nikamkumbuka shangazi wa bibi harusi, Mungu anisamehe.

Dada wa Morogoro, mkono unao. Mtu asiye na mkono hawezi kutengeneza hereni mpaka watu wakanunua. Ila usipime kazi yako kwa maneno ya watu, na mume mwambie polepole, kwa heshima, kwamba unahitaji kipimajoto na nailoni ya kubandika ukutani. Akiona matone mwenyewe ataelewa.

Hereni ambazo hazijavunjika toa kulabu, zirudishe kwenye oveni ukiwa na kipimajoto, kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, nusu saa nzima. Udongo huu unakubali kuchomwa mara ya pili, na nyingi zitapona. Rangi ya kucha usizipake hata kama zinaonekana kufifia, zitakuwa za kunata baada ya muda. Piga msasa kwenye maji, anza na msasa namba 400 mpaka namba 1000, zing'arishe kwa kitambaa cha jinzi.

Zilizovunjika usitupe. Ziponde ziwe punje kama za mchele uliokatika, zikande ndani ya udongo mweupe mbichi, kata, choma, piga msasa. Utaona zinatoka kama terazo ya sakafu za nyumba za zamani. Hizo ndizo hereni nilizovaa leo.