Mtoto anachanganya namba tasa na witiri? Anzeni na visoda

Mkuu, umesema kijana wako wa darasa la sita amekariri namba tasa zote (zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu) mpaka 100, lakini kwenye jaribio akaandika kwamba 9, 51 na 91 ni tasa. Nafundisha tuisheni huku Mbagala na hili nakutana nalo kila muhula. Mtoto akiona namba haigawanyiki kwa 2, yaani witiri, anaiita tasa. Kumkaririsha zaidi hakutamsaidia.

Omba visoda kwa Mangi, thelathini hivi vinatosha. Mpe 12 avipange kwa mistari inayolingana. Atapata mistari 2 ya sita sita, au 3 ya nne nne. Mpe 7: anabaki na mstari mmoja tu, apende asipende; hiyo ndiyo tasa. Sasa mpe 9. Akishapanga mistari 3 ya tatu tatu, atajionea mwenyewe kwamba witiri si lazima iwe tasa. Tafadhali usimwahi kwa jibu, mwache ahangaike. Kuhusu 1, mwambie namba tasa ina vigawo (namba zinazoigawa bila baki) viwili tu tofauti, yaani 1 na yenyewe. 1 inacho kimoja tu, kwa hiyo haimo. Na 2 imo, ndiyo shufwa (namba inayogawanyika kwa 2) pekee iliyo tasa.

Baada ya hapo chora miraba ya 1 mpaka 100 mfanye chujio la Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Futa 1. Acha 2, futa vigawe vyake vingine vyote (4, 6, 8 na kuendelea). Fanya vivyo hivyo kwa 3, 5 na 7. Zinabaki 25.

Walimu wengi huishia hapo, na mimi naona ndipo somo linapoanza. Muulize: kwa nini tumesimama kwenye 7? Wanangu hubishana sana hapa, nami nawaacha. Namba isiyo tasa, ukiacha 1, ni zao la namba mbili ndogo kuliko yenyewe. Zote mbili zikizidi 10, zao linapita 100. Kwa hiyo lazima mojawapo isizidi 10, na tasa zisizozidi 10 ni hizo nne tu. Ndiyo maana 51 inanaswa na 3 (3 × 17), na 91 inanaswa na 7 (7 × 13).

Akilielewa hilo, mpe 211 na 221. Kabla hajaanza kugawa, akwambie kwanza atajaribu mpaka tasa ipi. Mdokezee tu kwamba 15 × 15 ni 225.