Maswali ya Wasomaji: Jaguar XJ ya Mwaka 2009 na Deni Lake kwa Ile ya 1968

Wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu Jaguar XJ, gari la kifahari la milango minne lililozinduliwa Uingereza mwaka 1968, ambalo sura yake ilibadilishwa kabisa katika toleo lililooneshwa London mwezi Julai mwaka 2009. Barua zao tumezifupisha, na majibu ya mwandishi wetu wa safu ya magari yanafuata chini ya kila moja.

Swali: Mhariri, salaam. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja hapa mjini aliyemiliki Jaguar XJ6, na ni gari hilo lililonifanya nipende magari. Lilikuwa na taa nne za duara, boneti refu lenye mawimbi mawili yaliyoanzia kwenye taa, na mgongo uliotelemka taratibu hadi kwenye buti. Nikiitazama XJ iliyotoka mwaka 2010 na kuendelea, simwoni ndugu wa gari lile. Kampuni ilikuwa na sababu gani ya kuitupa sura iliyoijengea jina kwa miaka arobaini? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Ndugu yangu wa Mombasa, uchungu wako naufahamu, kwa kuwa gari unalolieleza ni miongoni mwa magari mazuri zaidi ya milango minne yaliyopata kuundwa popote duniani. Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba toleo la 2009 liliitupa asili yake, na ningependa kukueleza sababu kwa kirefu.

XJ ya kwanza ilikuwa kazi ya Sir William Lyons, mwasisi wa kampuni, ambaye hakutegemea sana michoro ya karatasi. Mafundi wake wa bati walimtengenezea mfano wa gari wenye ukubwa halisi, kisha mfano huo ukapelekwa nyumbani kwake Wappenbury Hall, karibu na mji wa Leamington Spa, ili autazame nje katika mwanga wa mchana. Aliuzunguka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaagiza mstari huu ushushwe na ule usogezwe, hadi macho yake yaliporidhika. Kutoka kwa Jaguar zilizotangulia alichukua machache, kama vile mpangilio wa taa nne uliokuwapo kwenye Mark X ya mwaka 1961, lakini mkao wa gari ulikuwa mpya kabisa: lilikuwa chini, pana, na tairi zake nene zilijaza matao ya mabawa kwa namna ambayo magari ya wazee wa heshima hayakuwa nayo wakati ule. Mteja aliyeingia dukani mwaka 1968 aliona gari la kesho, wala hakuona kumbukumbu ya ujana wake.

Sura hiyo ilidumu vizuri. Mwaka 1979 kampuni ya Pininfarina ya Italia iliinua kidogo paa upande wa nyuma na kupanua vioo, na wapo wanaoamini kwamba toleo lile ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 1986 likaja toleo lenye mistari iliyonyooka zaidi na, kwa magari ya bei ya juu, taa za pembe nne. Watu wengi wakalalamika. Malalamiko hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyoitia kampuni woga. Mwaka 1994, ikiwa tayari mikononi mwa Ford, Jaguar ilirudisha taa za duara na mawimbi ya boneti, na wateja wakashangilia. Kuanzia hapo kila XJ ikawa inatazama nyuma.

Gari linalonishawishi zaidi katika hoja hii ni lile lililoanza kuuzwa mwaka 2003. Bodi yake ilikuwa ya alumini, ikiunganishwa kwa riveti na gundi kama zinavyounganishwa sehemu za ndege, na kwa sababu hiyo gari likawa jepesi kuliko lile lililolitangulia ingawa lilikuwa kubwa zaidi. Ulikuwa uhandisi wa hali ya juu mno. Lakini kwa nje lilikuwa kama kijana aliyevishwa koti la babu yake. Zaidi ya hapo, mistari iliyochorwa kwa ajili ya gari la chini ilinyooshwa juu ya gari refu la kimo, maana abiria wa karne hii wanataka nafasi ya kichwa na sheria za usalama zinadai mwili mnene. Ukitazama picha za XJ ya 1968 na ile ya 2003 zikiwa sambamba, taa ni zilezile, mawimbi ya boneti ni yaleyale, na bado ile ya pili ina uzito machoni ambao ya kwanza haikuwa nao. Uzuri wa Lyons ulikuwa katika uwiano wa sehemu, na uwiano huo ulikwisha kupotea wakati mapambo yake yote yakiwa bado yametunzwa.

Ian Callum, aliyekuwa msanifu mkuu wa Jaguar tangu mwaka 1999, alielewa jambo hilo. XJ ya 2009 ina urefu wa zaidi ya mita tano, lakini paa lake linatelemka kwa mstari mmoja mrefu hadi kwenye buti, vioo vya ubavuni vinaishia kwenye ncha nyembamba, na magurudumu makubwa yamerudi kujaza matao. Simama ubavuni mwake, hatua kumi hivi, usitazame taa wala nembo. Mkao utakaouona ni wa gari linaloinama mbele likitaka kuondoka, na huo ndio mkao alioutafuta Lyons kule Wappenbury. Ningependa ulijaribu jambo hilo kabla ya kuhitimisha kwamba undugu haupo.

Swali: Upande wa mbele nimeukubali, lakini nyuma siwezi. Kwa nini waliweka kile kipande cheusi kwenye nguzo ya nyuma ya paa, na kwa nini taa za nyuma zimesimama wima hadi zikapanda juu ya buti? — Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Hapa, ndugu yangu, tunakubaliana kwa sehemu kubwa. Nia ya kipande kile ilikuwa kuificha nguzo, ili kioo cha nyuma kionekane kimezunguka na kuungana na vioo vya ubavuni, na paa lionekane linaelea. Kwenye gari jeusi mbinu hiyo inafanya kazi vizuri sana, kwa kuwa jicho haligundui mwisho wa kioo. Kwenye gari jeupe au la rangi ya fedha, kipande kinajitokeza peke yake na kuukata mstari wa paa mahali hasa ambapo ulipaswa kupita bila kukatizwa. Wapo wamiliki waliokipaka rangi ya gari, na nadhani walifanya sawa. Msanifu anapobuni umbo linalotegemea rangi moja, hali gari litauzwa kwa rangi nyingi, kazi yake haijakamilika.

Taa za nyuma ni jambo jingine. Zina mistari mitatu myekundu inayofanana na alama za makucha ya paka, na usiku barabarani hutaikosea XJ kwa gari lingine lolote, jambo ambalo magari ya kifahari ya siku hizi yanalihitaji mno. Mchana, nikiri, zinaufanya upande wa nyuma uonekane mrefu wa kimo kuliko ulivyo. XJ ya zamani iliishia nyuma kwa wembamba na unyenyekevu fulani, na katika sehemu hii naona watetezi wa ile ya zamani wana haki yao kamili.

Swali: Jirani yangu hapa Muscat ana XJ ya mwaka 2012. Anaisifu kwa kila kitu isipokuwa saa za mbele ya dereva, ambazo ni picha kwenye skrini. Anasema Jaguar bila mishale halisi si Jaguar. Wewe unaonaje? — Msomaji, Muscat

Jibu: Mwambie jirani yako kwamba lawama yake ni ya haki, ingawa nafikiri inasahau mengi mema yaliyomo ndani ya gari lake. Skrini ile ya inchi 12.3 ilikuwa jambo jipya wakati huo, na tatizo la kifaa kipya cha kielektroniki ni kwamba huzeeka upesi kuliko mbao na ngozi vinavyokizunguka. Michoro yake ya mwaka 2010 leo inaonekana ya kizamani, ilhali mishale halisi ya XJ ya 1968, iliyopangwa kwenye ubao wa mbao, bado inapendeza hadi leo.

Lakini hebu akae tena kwenye kiti cha dereva atazame mbele yake. Ukanda wa mbao unaanzia mlango mmoja, unapita chini ya kioo cha mbele, na kufika mlango wa pili, ukiwakumbatia abiria wa mbele wote wawili. Matundu ya hewa ni ya duara yenye pete za kung'aa, na katikati ipo saa ndogo yenye mishale halisi. Hayo hayakunakiliwa kutoka kwenye gari lolote la zamani la kampuni hiyo, lakini yana ile hisia ya sebule ya nyumba yenye heshima ambayo Jaguar ilijulikana kwayo, na Wajerumani wa wakati ule hawakuwa na kitu cha kukilinganisha nacho. Kwangu mimi ndani ya gari ndimo usanifu mpya ulimofaulu zaidi, skrini ikiondolewa.

Swali: Kwa barabara zetu, kati ya ile ya 2003 na ile mpya, ipi iko karibu na XJ ya zamani kwa utulivu wa safari? — Msomaji, Arusha

Jibu: Ya 2003, bila shaka. Ina springi za hewa pembe zote nne, wakati ile ya 2009 ina springi za chuma mbele na za hewa nyuma tu, na imekazwa kwa ajili ya kona na mwendo kasi. Ikivalishwa rimu kubwa za inchi 20, kila shimo utalisikia. Bob Knight, mhandisi aliyeipa XJ ya kwanza ukimya wake uliowashangaza hata washindani, asingeipitisha. Kumbuka pia kwamba zote mbili zina bodi ya alumini, ambayo fundi wa kunyoosha bati mwenye nyundo na gesi hawezi kuitengeneza ikipondeka. Inahitaji vifaa na mafunzo yake.

Swali: Unautetea usanifu wa 2009, lakini gari lenyewe lilisitishwa mwaka 2019. Je, hilo halithibitishi kwamba wateja waliukataa? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Sidhani, ingawa swali ni zuri na linastahili kujibiwa kwa makini. Bodi iliyoanza kuuzwa mwaka 2010 ndiyo iliyosimamishwa mwaka 2019 katika kiwanda cha Castle Bromwich, Birmingham, ikiwa imefanyiwa marekebisho madogo tu ya taa, injini na vifaa vya ndani. Katika kipindi hicho hicho Mercedes ilileta S-Class mpya mwaka 2013, BMW ikaleta 7 mpya mwaka 2015, na Audi ikaleta A8 mpya mwaka 2017. Hakuna sura, hata iwe nzuri kiasi gani, inayoweza kushindana kwa karibu miaka kumi na magari yanayofanywa upya kila mara. Isitoshe, fedha za wateja zilikuwa zimehamia kwenye magari marefu ya kimo, na Jaguar yenyewe ililifuata soko hilo kwa kuleta F-Pace mwaka 2016. XJ ilibaki kuwabeba mawaziri wakuu wa Uingereza, huku kampuni ikiwekeza nguvu zake mahali pengine.

Kinachonisikitisha zaidi kilitokea baadaye. XJ ya umeme ilikuwa imeandaliwa kuchukua nafasi yake, lakini mwezi Februari mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba mradi huo umefutwa. Mwezi Desemba mwaka 2024, mjini Miami, ikaonesha gari la mfano liitwalo Type 00, lenye boneti refu mno na nyuso bapa, na kusema kwamba gari la umeme la milango minne litafuata. Mjadala uliozuka ulifanana sana na ule wa mwaka 2009, na wengi wa waliokasirika walikuwa wakidai taa za duara na paka wa chuma juu ya boneti.

Mimi nitakapoliona gari hilo la milango minne nitaanza na kimo chake. Betri hukaa chini ya sakafu na kumwinua abiria, abiria hulisukuma paa juu, na hapo ndipo mistari ya Lyons ilipoharibikia mara ya kwanza. Wasanifu wa sasa wakiweza kulishusha paa na kuyaacha magurudumu yajaze matao yake, nitawaunga mkono hata kama taa zake hazitafanana na chochote ambacho baba wa yule msomaji wetu wa Mombasa, au mwajiri wake, angekitambua.