Dada, usinunue hayo maswali ya mtihani wa mwisho

Usimtumie huyo kaka pesa. Kama umeshamtumia, usimwongezee. Umeandika kwamba unamaliza diploma ya ukunga, mtihani wa bodi umekaribia, kuna mtu anauza "maswali ya uhakika" kwa shilingi 50,000, na unauliza kama uweke kando daftari za mwaka wa kwanza, ujiunge na kikundi gani, na uombe kazi wapi ukimaliza. Nimeshindwa kupita kimya.

Pepa ya mwisho haitungwi na mwalimu wako. Inatungwa na bodi ya taifa, na chochote kilichomo kwenye silabasi kinaweza kuulizwa. Mtu aliyeishika kweli pepa hiyo asingeiuza kwa bei ya kuku wawili.

Mimi nilinunua. Kwenye orodha niliyouziwa, magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ilikuwa ya kwanza, nikaikariri mpaka naisema usingizini: gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Na swali likaja kweli! Mama mwenye kifafa cha mimba ameshapata dozi ya kwanza, saa 4 zimetimia. Anapumua mara 12 kwa dakika, ukigonga goti mguu hauruki, na mkojo kwenye mfuko ni mililita 60 tangu dozi ile. Utafanya nini, na kwa nini? Nikaandika gramu 5 kwenye tako. Nikajaza ukurasa mzima kwa furaha.

Lirudie hilo swali taratibu. Huyo mama dawa imemzidi. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, na wake ni 15 tu, dawa inajazana kwenye damu. Goti linaanza kunyamaza, kisha pumzi nayo inafuata. Kupumua chini ya mara 16 kwa dakika peke yake kunatosha kukuzuia kuchoma dozi inayofuata. Jibu lilikuwa: usichome, ita msaada, msaidie kupumua, mpe kalisiamu glukonati, dawa ya kuzima makali ya magnesiamu, gramu 1 kwenye mshipa polepole. Dozi niliyoiandika kwa furaha ingemuua. Na ile "kwa nini" yote ilikuwa kwenye daftari la fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, la mwaka wa kwanza, lile lile unalotaka kuliweka kando.

Aliyeniuzia maswali namwona mwizi tu, na wezi wapo kila mahali. Aliyeniumiza zaidi ni mwalimu mmoja aliyesimama mbele ya darasa akasema fiziolojia mlishafaulu, sasa kazaneni na ukunga. Mwalimu mzima! Kwani mama akiletwa wodini huwa ameacha figo zake nyumbani? Wenzangu waliandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, wakapata leseni, wakaanza kulipwa. Mimi nilikaa nikingoja msimu mwingine wa mtihani, na mama yangu akarudi soko la Arua, hapa Uganda, kuuza unga wa muhogo ili nipate ada ya kurudia. Hilo sijawasamehe, muuzaji na mwalimu, mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize: usisome kwa mada, soma kwa mgonjwa. Chukua mgonjwa mmoja, mpokee getini, mfuate mpaka arudi kwake. Mathalani mama anayejifungua. Kwa nini yuniti 10 za oksitosini zinachomwa kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na kwa nini uhakikishe kwanza hakuna pacha tumboni? Mji wa mimba usipokaza, damu inatoka wapi? Utaandika nini kwenye faili? Mume wake aliyesimama mlangoni utamwambia nini? Akirudi kijijini ale nini ili damu irudi? Hapo umepita anatomia, dawa, ukunga, maadili, lishe na afya ya jamii, na mama ni mmoja tu.

Mtihani wa vitendo nao ni hivyo hivyo. Ule mtindo wa vituo, kengele ikilia unahama, mwalimu wa udaktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, waliueleza mwaka 1975 wakitaka kila mtahiniwa akutane na kazi zile zile na apimwe kwa vigezo vile vile, si kwa bahati ya mgonjwa rahisi au mtahini mpole. Kujitambulisha, kunawa mikono, kuomba ridhaa: kila hatua ina alama yake, na hakuna kaka wa mtaani anayeweza kukuuzia hizo.

Kikundi? Chochote ambacho ukijibu, mtu anakuuliza "kwa nini".

Tuanze leo. Mtoto wa miaka 3, kilo 12, ameletwa usiku kwa bodaboda na bibi yake. Ana homa, amepata degedege njiani, hajitambui, kipimo kinaonyesha malaria. Andika hapa hapa: utaanza na nini, sukari ya damu utaipima lini, artesuneti utampa miligramu ngapi na utarudia baada ya saa ngapi, na bibi utamwambia nini. Bila kufungua daftari. Nitasahihisha.