Mastodon: "Kaka, mbona humu hamna mtu?"

Jumamosi iliyopita mdogo wangu wa kike alinipigia simu kutoka Dodoma. Nilikuwa nimembembeleza kwa miezi ajiunge na Mastodon, mtandao wa kijamii ninaoutumia, na siku hiyo alikuwa ameifungua. Hata salamu hazijaisha akaniuliza, "Kaka, mbona humu hamna mtu?" Nikamwomba anisomee anachokiona. Hakukuwa na kitu. Ukurasa wa nyumbani ulikuwa mtupu, na katikati sentensi moja tu ya kumwambia afuate watu ili ujae. Zile hatua za mwanzo, ambapo programu hupendekeza watu wa kufuata, alikuwa ameziruka zote, na sasa alitaka kuifuta. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Mengi niliyomwambia ndiyo haya, maana nimewaona wengi wakifika mlango uleule na kugeuka.

Utupu ule si hitilafu. Mitandao tuliyoizoea humpokea mgeni kwa kummwagia video tangu dakika ya kwanza, kisha hupima ametazama nini na kwa muda gani, na kesho humletea ya aina hiyohiyo. Mastodon haipimi. Ukurasa wako wa nyumbani unaonyesha machapisho ya wale uliowafuata, pamoja na yale waliyoamua kuyasambaza, mapya juu, ya zamani chini. Hakuna matangazo ya biashara katikati. Upo ukurasa wa pembeni wa mambo yanayovuma, lakini ni wewe uufungue. Maana yake ni kwamba kazi ya kuwatafuta watu ni yako, na wiki ya kwanza inachosha. Mimi niliingia Novemba 2022, siku chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, na wiki yangu ya kwanza nilifuata watu watano ambao wote walikuwa kimya. Nilikaribia kuondoka.

Kilichonibakiza ni alama za reli, yale maneno yanayoanza na #. Zinafuatwa kama watu: unatafuta neno, unabonyeza kufuata, na kila chapisho lenye alama hiyo linalofika kwenye seva yako, yaani mtambo unaotunza akaunti yako, linakuja kwenye ukurasa wako. Mimi hupiga picha za ndege wa pwani hapa Tanga, basi nilifuata alama za ndege, za mikoko na za upigaji picha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ndani ya siku tatu nilikuwa na watu arobaini wa kufuata, niliowachagua mwenyewe baada ya kuona wanachoandika. Anza hapo. Kisha andika chapisho la kupiga hodi: wewe ni nani, unapenda nini, na weka alama tatu au nne za mambo hayo. Bila alama ni vigumu chapisho lako kumfikia asiyekufahamu.

Sasa seva, ambazo ndizo huwatisha watu. Mastodon haina kampuni moja yenye mtambo mmoja. Eugen Rochko aliianzisha Ujerumani mwaka 2016 kama programu huria, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake na kupokea watu. Fikiria barua pepe: aliye Gmail anamwandikia aliye Yahoo bila shida, na anwani ya kila mmoja inataja jina lake na mahali alipo. Ndiyo maana anwani ya Mastodon ina vipande viwili, na ndiyo maana ukimpa mtu kipande kimoja tu anaweza kukukosa.

Mdogo wangu nilimwambia akubali ile seva ambayo programu yenyewe inampendekezea, mastodon.social, kwa sababu mgeni hana haja ya kusumbuka na hilo siku ya kwanza, na kuhama kunawezekana. Lakini kuhama kuna gharama, na mimi niliilipa. Seva yangu ya kwanza ilikuwa ndogo. Niliichagua kwa sababu jina lake lilinipendeza. Baada ya mwaka na nusu mwenyewe akatangaza kwamba anaifunga, amechoka na fedha zimemwishia. Simlaumu, alitutumikia bure muda wote ule. Wafuasi wangu walinifuata kwenye seva mpya bila wao kufanya lolote, na hilo ni jambo zuri sana katika muundo wa Mastodon. Machapisho hayahami. Picha zaidi ya mia tatu, na maelezo niliyoandika chini ya kila moja, na mazungumzo tuliyofanya na watu wanaojua ndege kuliko mimi, vilizimika na ile seva.

Kwa hiyo ukitaka seva nyingine tofauti na ile ya kupendekezewa, fungua ukurasa wake wa maelezo kabla ya kujiandikisha. Soma kanuni zake. Tazama nani anaiendesha, na kama kuna mahali pa kuichangia. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti ya joinmastodon.org zimeahidi kutunza nakala za kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja mwenye funguo za dharura, na kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga. Ahadi si kinga, lakini mimi nisingeingia tena mahali ambapo haipo.

Kuna ukuta mwingine ambao kila mgeni hugonga kichwa. Mtu anakutumia kiungo cha ukurasa wa fulani kwenye WhatsApp. Unakifungua, kivinjari kinakupeleka kwenye seva ya huyo fulani, unabonyeza kufuata, na unaambiwa uingie au utaje seva yako. Unajiuliza: si nina akaunti? Unayo, ila umesimama barazani kwa jirani. Nakili anwani ya huyo mtu, rudi kwenye programu yako, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, naye atatokea. Wakati mwingine anatokea ukurasa wake ukiwa mtupu kabisa, kana kwamba hajawahi kuandika. Ameandika. Seva yako haijapata kuyapokea machapisho yake ya zamani kwa sababu hakuna mtu wa kwenu aliyekuwa anamfuata. Mfuate, na ya leo kwenda mbele yatakufikia. Nadhani hili ndilo eneo ambalo wabunifu wa Mastodon wanatudai subira kupita kiasi. Maneno mawili ya maelezo pale kwenye kitufe yangewaokoa watu wengi.

Kitu kingine kinachotofautiana na tulikotoka ni nyota. Ukibonyeza nyota, mwenye chapisho anajua umelipenda. Haipeleki chapisho kwenye ukurasa wa nyumbani wa mtu mwingine yeyote. Anayelifikisha ni anayesambaza. Sisi tumezoea kupenda na kupita. Huku ukiona kazi nzuri ya Mswahili mwenzako, isambaze. Tuko wachache, kwa ninavyotuona mimi, na bila kusambaziana hatuonani.

Na andika Kiswahili. Kwenye dirisha la kuandikia kuna kialama cha lugha ya chapisho. Simu yako ikiwa kwa Kiingereza, kuna uwezekano mkubwa kialama hicho kinasoma Kiingereza, na mtu aliyechagua kuona Kiswahili peke yake kwenye kurasa za wazi hatakuona. Badilisha kwenye mipangilio mara moja, umemaliza.

Picha ziwekee maelezo. Programu inakupa nafasi ya kueleza picha kwa ajili ya asiyeona, na kwenye Mastodon watu wanalichukulia jambo hilo kwa uzito. Wengine hawasambazi kabisa picha isiyo na maelezo. Nilikuwa naandika "yangeyange" na kuachia hapo. Siku moja mfuasi mmoja akaniandikia kwamba yeye haoni, simu yake humsomea, na angependa kujua huyo yangeyange anafanya nini. Nikaitazama ile picha upya. Nikaandika: yangeyange mweupe amesimama kwa mguu mmoja kwenye tope la maji kupwa, shingo ameikunja, na nyuma yake mizizi ya mikoko imejaa chaza. Nilikuwa na ile picha wiki nzima na sikuwa nimewaona wale chaza. Tangu hapo sijaacha, na hata ninavyopiga picha kumebadilika.

Ujumbe wa faragha uuogope kidogo. Kwenye Mastodon ni chapisho la kawaida ambalo linawafikia waliotajwa ndani yake tu. Sasa ukimsimulia rafiki yako habari za mtu wa tatu, na ukaandika anwani kamili ya huyo mtu yenye ile alama ya @, naye ametajwa, basi naye anaupokea. Ilinitokea. Nilikuwa nalalamika juu ya mtu aliyechukua picha yangu bila ruhusa, na nikamtaja hivyohivyo. Alinijibu kabla ya rafiki yangu. Tuliyamaliza, lakini ilinibidi kuomba radhi kwa maneno ambayo nisingeyasema mbele yake. Andika jina tu, bila ile alama. Tena ujumbe huo haufungwi kwa siri kama wa WhatsApp. Anayeendesha seva anaweza kuusoma akitaka. Namba za benki na habari za ugonjwa zibaki kwingine.

Mdogo wangu ameshafuata watu kumi na wanane, na juzi aliweka picha ya shamba la zabibu kule kwao, maelezo ya picha yakiwa mistari minne. Amenitumia ujumbe kuuliza kama anaweza kupakua orodha ya anaowafuata. Anaweza, ila aingie kwa kivinjari: kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuingiza na kutoa data, na orodha inashuka kama faili dogo. Nakala ya machapisho na picha zote inaombwa hapohapo, mara moja kila siku 7. Mimi yangu huichukua Jumapili ya kwanza ya kila mwezi na kuiweka kwenye flashi.