Re: Panya ana dira kichwani?
Mkuu, umeuliza kama panya ana sumaku kichwani inayomwonyesha kaskazini. Hapana. Alicho nacho ni seli za ubongo zinazofuatilia kichwa chake kimeelekea wapi. Seli hizi, alizozigundua mwanasayansi James Ranck mwaka 1984, hazina habari na kaskazini. Kila moja ina upande wake: panya akielekeza kichwa huko, inatoa mapigo ya umeme mfululizo; akigeukia kwingine, inanyamaza karibu kabisa. Awe kona hii au ile, ni yaleyale.

Utamu uko hapa: bandika kadi nyeupe ukutani, mtoe panya, izungushe kadi nyuzi 90, kisha mrudishe. Upande wa kila seli unahama pamoja na kadi! Ukizima taa zinaendelea, zikitegemea viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio, ila polepole zinaanza kupoteza mwelekeo.