Baskeli ikipanda gari, kilomita hazihesabiwi

Jana alasiri niko Mtoni, hapa Unguja, nakunywa zangu maji ya miwa, ikapita 116, daladala ya Nungwi, inatoka shamba, juu imefungwa baskeli. Na baskeli naijua, ina keria nyekundu. Ndani kijana wetu mmoja mpya kainamisha kichwa kama anatafuta chenji iliyoanguka. Usiku grupuni katuma skrinshoti: kilomita 80, na mkono wa misuli. Sikumtaja na simtaji. Ila kila mwaka tukianza hizi siku 30 za kupiga baskeli kuchangia vigari vya watoto wenye ulemavu, wageni mnarudia madudu yale yale, na haya mengine wallahi niliyaanzisha mie, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Pandisheni viti. Mnaendesha goti linagonga kidevu halafu grupu zima tunasomeshwa habari za maumivu.

2. Mnyororo. Njia ya Bububu bahari iko pale pale, chumvi inakula chuma. Ukirudi mwagia maji ya bomba, futa, tia mafuta ya cherehani kidogo. Kuna mmoja alitia mafuta ya nazi, asubuhi akakuta sisimizi wameshafungua ofisi.

3. Mtu akikwambia "nakutolea shilingi hamsini kwa kilomita", andika hapo hapo, na pesa ziende kwa mtunza fedha moja kwa moja. Zisilale kwenye simu yako hata usiku mmoja, bando likiisha saa tano usiku shetani namba yako ya siri anaijua.

4. Upepo. Hapa ndipo penye aibu yangu.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi, ule upepo wa kusini, limeshika khasa. Mie nilikuwa nimeruka siku nne, uvivu tu, sina udhuru, nikasema nitalipa deni kwa mkupuo: mjini mpaka Nungwi, kule ncha ya kaskazini, na kurudi, kama kilomita 120. Kwenda, yakhe, niliruka! Mahonda hiyo, Kinyasini hiyo, Mkwajuni nampungia mkono kila mtoto, najiona nimeota miguu mipya. Kumbe kusi liko mgongoni linanisukuma kama ngalawa. Nikala samaki Nungwi, nikapiga picha, nikageuza. Hapo ndio nikajua nani alikuwa anaendesha ile baskeli. Upepo wa kifua, jua, maji yamekwisha, kufika Kinyasini nakanyaga pedeli naona mnazi ule ule. 116 ikapunguza mwendo, utingo akaniangalia tu, hata hakuuliza, akaipandisha baskeli juu. Nikashukia Bububu, nikamalizia mjini kwa mbwembwe.

Kilomita kama 20 hizo nimekaa kitako. Na appu ilikuwa inaendelea kuhesabu mfukoni! Nilijua, nikaiwacha. Usiku nikatuma 120 kamili, pongezi zikamiminika, mpaka mwenzetu mmoja wa Wete akauliza mbona mwendo wa juu umeandikwa 70 kwa saa, mteremko gani huo Unguja? Maana wao Pemba ndio wenye vilima. Nikamjibu upepo ulikuwa nyuma. Kwenye kusi. Narudi mjini.

Siku ya pili mtunza fedha akaniita barazani kwake. Akanipa elfu sita na elfu mbili mbali mbali, zimekunjwa vidogo vidogo, bado zina alama ya pindo la kanga. Akasema, "Hizi za bi mkubwa, shangazi yangu. Elfu sita ni ahadi yake, hamsini hamsini kwa kilomita 120. Na hii elfu mbili kasema nikupe wewe, nauli ya gari, alikuona jana umechoka sana."

Alikuwa kiti cha nyuma yangu tangu Kinyasini. Hakusema neno njia nzima. Na kalipa zote 120!

Nilitamani anitukane. Nikaandika grupuni nimefanya nini, tiki mbili kila mtu, kimya mpaka Isha. Mmoja akafuta ahadi yake kabisa na alikuwa na haki. Mtunza fedha akatoa hukumu: nizirudie zile 20, tena za kurudi, maana kwenda na kusi mgongoni hata mkoba unafika. Kwa hiyo nikapiga Bububu mpaka Kinyasini bila kuhesabiwa, ndipo nikageuka nikaanza kuhesabiwa. Bi mkubwa nilimpelekea elfu mbili yake, akakataa, akanikaribisha chai na mkate wa ufuta. Kila bonge lilikwama kooni.

Kwa hiyo, kusi likivuma anzeni kwa kulikabili, mkielekea kusini; ukiwa upepo wa kaskazi, geuzeni. Na ukiruka siku imekwenda, usilipe deni. Kilomita tatu za kwenda Darajani kununua mchicha zinatosha siku hiyo.

5. Njia ya msitu wa Jozani, polepole kwenye matuta. Kima punju haangalii kulia wala kushoto.

6. Tyubu ya akiba, viraka, sulisheni. Nimeshachoka kuwa fundi wenu.

Sasa weye wa keria nyekundu. Grupuni sitasema. Kesho baada ya Alfajiri niko pale pale Mtoni, tunazipiga pamoja hizo zako za kwenye gari. Njoo na pampu, yangu kuna mtu kaazima tangu mfunguo mosi.