Seva ya Minecraft nyumbani: anza na ruta, paneli baadaye

Wengi wanaoanza hukimbilia kupakua paneli (programu ya kuiongoza seva kupitia kivinjari), wakamaliza kila kitu, halafu wenzao wa Likoni na Kisauni wakijaribu kuingia hawaingii. Hapo hufuta wakaanza upya, na kumbe paneli haina kosa. Kabla ya lolote, ingia kwenye ruta uitazame anwani ya WAN (ile ruta iliyopewa na mtoa huduma wa intaneti), kisha uilinganishe na ile inayotajwa na tovuti za kuonyesha IP. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, jua kwamba mtoa huduma amewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ufungue poti (mlango wa mtandao kwenye ruta) mpaka uchoke, mchezaji hatafika kwako. Omba anwani ya umma iliyo yako peke yako, aghalabu ni ya kulipia, au tumia huduma ya kupitishia mawasiliano kama playit.gg, ukijua kwamba ping (muda wa data kwenda na kurudi) inaweza kupanda kwa sababu ya mzunguko.

Laini ikiwa sawa, ipe kompyuta anwani isiyobadilika ndani ya ruta, kisha elekeza poti 25565 kwake. Tumia waya, si Wi-Fi.

Kwa anayeanza, paneli ya Crafty Controller yatosha. Ukishaiweka, fungua https://127.0.0.1:8443. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti cha usalama; endelea tu, maana programu imejitengenezea chake. Neno la siri la kwanza liko kwenye faili default-creds.txt, libadilishe papo hapo. Poti 8443 usiifungulie intaneti hata siku moja: atakayeingia hapo ataitawala seva nzima.

Ukiunda seva, kubali masharti (eula=true), kisha angalia toleo la Java, programu inayoiendesha seva. Minecraft 1.20.5 hadi matoleo ya 1.21 yanataka Java 21. Ukiona kwenye logi "class file version 65.0", Java yako ni ya zamani.

Kwenye kumbukumbu ndiko watu huharibu. Mashine ya GB 8 ipe seva GB 4, basi. Kile kipimo cha -Xmx, kinachoweka kikomo hicho, ni sehemu moja tu ya kumbukumbu. Java hula zaidi ya hapo, na mfumo nao unahitaji yake. Ukiipa 7, Linux itaiua seva katikati ya mchezo, na mara nyingi utaona namba 137 tu (alama ya programu iliyouawa kwa nguvu) bila maelezo.

Stima ikikatika wakati dunia inahifadhiwa, faili zake huweza kuharibika. UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta na ruta itakupa dakika chache, zatosha kuandika stop kwenye konsoli. Nakala za akiba ziende diski nyingine. Na kwa sisi wa pwani, kasha la kompyuta lisikae dirishani: upepo wa chumvi hutia kutu, na vumbi lenye unyevu hugandamana kwenye feni. Lifungue kila miezi 3 ulisafishe kwa brashi kavu, ukianzia feni ya prosesa.